Shule ya Ng'ambo ya Kamba

Kila Jumatatu asubuhi wimbo wa taifa ulivuka mto na kuingia jikoni kwa Mudrikah. Uliimbwa na watoto wa shule ya ng'ambo wakati wa kupandisha bendera. Mudrikah hakuwa na saa jikoni. Wimbo ulipoanza, alitumbukiza tofu, vipande vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwenye mafuta. Wimbo ulipokwisha, aliigeuza. Mwalimu alipomaliza kuhutubia kwenye kipaza sauti, tofu ilikuwa imeiva, naye aliipanga kwenye kapu na kwenda kuiuza. Tangu shule ile ijengwe ilikuwa saa yake ya jikoni, na hakuwahi kuifikiria zaidi ya hapo.

Mudrikah aliishi Wringinsari, mji mdogo pembeni mwa Surabaya. Mumewe, Sukadi, alikuwa na kivuko. Kilikuwa sakafu ya mbao juu ya mashua mbili. Kamba nene ilifungwa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Sukadi alishika kamba, akavuta, na kivuko kikaenda. Alivusha wafanyakazi wa kiwanda cha vigae, akina mama wa sokoni, pikipiki na mbuzi. Siku moja alimvusha hata bibi harusi aliyechelewa harusi yake mwenyewe.

Mtoto wao Niken alikuwa darasa la sita. Alipenda hesabu na hakupenda kuamshwa. Mwaka huo alikuwa anamaliza shule ya msingi, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Sekondari ya serikali haikutoza ada. Za watu binafsi zilikuwapo, lakini ada zake zingemeza kapu la tofu na kivuko na kamba yake. Niken akikosa shule ya serikali, hawakujua angesoma wapi. Na kwa Mudrikah, shule ya serikali ilikuwa moja tu duniani. Iliitwa Shule ya Uwanjani, kwa kuwa ilitazamana na uwanja mkubwa wa mji. Ilikuwa ya zamani, yenye miti mirefu na kabati la vikombe vya ushindi mlangoni. Alipokuwa msichana, Mudrikah alipita mbele ya geti lile kila siku akiuza ndizi za kukaanga. Hakuingia hata mara moja, na jambo hilo lilimuuma mpaka leo. Alitaka Niken aingie kwa niaba yake.

Zamani mambo yalikuwa rahisi kueleweka. Mwenye alama nyingi aliingia, mwenye chache alibaki nje akilia. Siku hizi sheria ilikuwa nyingine. Watu walisema serikali inaangalia ukaribu wa nyumba. Wengine walisema inaangalia kipato. Wengine walisema inaangalia vyeti. Mudrikah aliamua kuuliza, na kadiri alivyouliza ndivyo alivyopotea.

Mzee Samsul wa kibanda cha kahawa alimhakikishia kwamba ni bahati nasibu, kompyuta inafumba macho na kuchagua. Muuza soya alisema wanapima kutoka msikitini. Ndipo Mudrikah akaingia kwenye kundi la simu la wazazi wa darasa la sita. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwa na kundi la simu la wazazi wa darasa la sita. Huyu aliandika kwamba nafasi zimeshajaa. Yule alisema hazijafunguliwa. Mwingine alidai anamjua mtu anayeuza nafasi, kisha akafuta maneno yake. Mwingine tena alituma picha ya paka. Mudrikah alizima simu, kichwa kikimzunguka.

Sukadi alijaribu kusaidia. Alipekua sanduku la nguo akatoka na karatasi iliyokunjamana.

"Si wanataka vyeti?" alisema. "Hiki hapa. Niken alishinda mbio za magunia, Siku ya Uhuru."

"Baba Niken, hizo ni mbio za mtaa huu," Mudrikah alisema. "Na aliyekuja wa pili alikuwa na miaka minne."

"Ushindi ni ushindi," Sukadi alisema, akarudisha cheti mahali pake kwa heshima zote.

Siku iliyofuata Mudrikah aliazima pikipiki yenye kipimo kizima cha mwendo. Alitoka mlangoni kwake mpaka geti la Shule ya Uwanjani, akitazama namba zikipanda. Zilipanda mno. Aliambiwa kwamba mwaka uliopita, mtoto wa mwisho kuingia aliishi mtaa wa pili tu kutoka shuleni. Alisimama pale getini na helmeti kichwani, akaona miti ileile na kabati lilelile. Akarudi nyumbani bila hata kushuka kwenye pikipiki.

Jumamosi alikuja Hartini, dada yake Sukadi. Hartini alikuwa karani mjini, na nyumba yake ilipakana na ukuta wa Shule ya Uwanjani. Alikula tofu, akajifuta vidole, akasema ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa kadi ya familia, karatasi ya serikali inayoorodhesha watu wa nyumba moja.

"Wifi, hili jambo dogo sana. Mtoeni Niken kwenye kadi yenu ya familia, mumwingize kwenye yangu. Kompyuta itaona anaishi kwangu. Wenzenu mjini wote wanafanya hivyo. Kadi yangu mwaka huu ina wapwa wawili ambao hata sijui wanapenda kula nini."

Mudrikah aliona kama dirisha limefunguliwa. Sukadi alikuna kichwa, lakini dada yake alikuwa msomi na yeye mvuta kamba, basi hakubisha. Niken ndiye aliyeuliza.

"Kwenye kadi ya shangazi nitaandikwa nani?"

"Ndugu mwingine," Hartini alisema. "Ndivyo wanavyoandika."

"Kwa hiyo mimi si mtoto wa Mama tena?"

"Ni kwenye karatasi tu, mwanangu," Mudrikah alimwambia.

"Lakini shuleni si watasoma karatasi?"

Hartini alicheka akasema mtoto huyu atakuwa wakili. Niken alitoka akaenda kukaa kivukoni na miguu majini. Mudrikah alimwona kutoka jikoni, na moyo ulimchoma. Hata hivyo alikata shauri. Moyo utapoa, alijiambia, lakini nafasi ya shule ikipita imepita.

Katika mtaa wao, mabadiliko yoyote ya kadi ya familia huanza kwa muhuri wa mjumbe. Mjumbe alikuwa Mama Sringatun, mtengenezaji wa tempe, mikate ya soya iliyochachuka. Jumatatu, baada ya kuuza, Mudrikah alimkuta barazani, akifunga soya kwenye majani ya mgomba. Muhuri ulikuwa ndani ya kopo la biskuti, pembeni mwake.

"Karibu, Mama Niken. Una shida gani?"

"Muhuri tu, Mama Mjumbe. Namhamishia Niken kwa wifi yangu."

Mama Sringatun hakuligusa kopo. "Anahamia lini?"

"Hahami hasa. Ni kwenye kadi."

"Atalala wapi?"

"Nyumbani."

"Atakula wapi?"

"Nyumbani, Mama Mjumbe."

"Basi hajahama," Mama Sringatun alisema. "Muhuri huu nikiugonga, maana yake ni mimi nimesema. Sasa unataka niseme uongo wa nani, wako au wa wifi yako?"

Mudrikah alijaribu kutabasamu, akashindwa. Machozi yalimtoka hapohapo barazani. Alieleza kila kitu kwa mkupuo, kahawa ya Mzee Samsul, msikiti, paka, pikipiki na mbio za magunia. Alisema amechoka, hajui aingie wapi atokee wapi. Alisema kila mtu anajua sheria na kila mtu ana sheria yake.

"Kaa," Mama Sringatun alimwambia. "Chukua jani, unisaidie kufunga. Mikono ikifanya kazi, kichwa hutulia. Mimi mwenyewe niliitwa semina mbili ndipo nikaelewa, na ya kwanza nilisinzia."

Mudrikah alichukua jani. Mama Sringatun alieleza polepole.

"Njia ziko nne. Njia ya wazazi waliohamishwa kikazi, hiyo si yenu, labda kivuko kihame. Njia ya alama na vipaji, kwa watoto wenye matokeo makubwa au vyeti vya mashindano makubwa. Usimwambie Baba Niken, ataumia. Zinabaki mbili. Moja ni ya makazi. Anayeishi karibu na shule anatangulia. Lakini jina la mtoto lazima liwe limekaa kwenye kadi ya nyumba hiyo mwaka mzima kabla ya kuandikishwa. Uandikishaji ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi ukimhamisha leo, kwa wifi yako ataonekana mgeni wa juzi. Hahesabiwi. Na kwako ameshafutwa. Atakuwa si wa huku si wa kule."

Jani lilipasuka mikononi mwa Mudrikah.

"Chukua jingine," Mama Sringatun alisema. "Njia ya pili ni ya familia zenye kipato kidogo. Wametengewa nafasi zao. Nyinyi mmo kwenye orodha ya msaada wa serikali, nilikuandikisha mimi mwenyewe. Wifi yako ni karani, ana mshahara. Niken akiingia kwenye kadi yake, anatoka kwenye orodha."

Mudrikah alichukua jani jingine. "Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kufunga milango yote miwili kwa mkono wangu?"

"Na kwa muhuri wangu."

"Sawa, nimwache kwangu. Lakini Uwanjani ni mbali, Mama Mjumbe. Nimepima."

"Ni mbali. Sikufichi, Uwanjani huenda asipate hata kwa njia hiyo ya pili. Waombaji ni wengi, na huko nako wa karibu hutangulia. Lakini nani kakwambia shule ya serikali ni Uwanjani tu?"

"Kuna ipi nyingine?"

Mama Sringatun alielekeza kidevu chake mtoni. Kati ya nyumba mbili maji yalionekana, na juu ya maji, kamba. Sukadi alikuwa anavusha mtu na baiskeli. Nyuma yake, ukingo wa pili, lilionekana paa jekundu na mlingoti wa bendera.

"Ile ya kiwandani?" Mudrikah alisema. "Ile ni ya watu wa nyumba mpya za ng'ambo."

"Ni sekondari ya serikali. Ni ya yeyote anayeishi karibu."

"Kwa vipimo vyao, sisi hatuko karibu. Mpaka uende darajani, uzunguke kiwanda, urudi. Ni mbali kuliko Uwanjani."

"Kwa barabara," Mama Sringatun alisema. "Hawapimi kwa barabara, Mama Niken. Wanapima mstari ulionyooka, kutoka nyumbani mpaka shuleni. Mto wanauruka. Wanapima kama kamba ya mumeo."

Mudrikah aliitazama kamba ile. Alikuwa ameitazama tangu alipoolewa. Alijua ikilegea, alijua ikilowa, alijua siku ya kubadilishwa. Ilitoka nyuma ya nyumba yake ikaenda moja kwa moja, bila kona hata moja, mpaka chini ya paa lile jekundu. Wimbo uliompimia tofu ulikuja kwa njia hiyohiyo. Aliona aibu, akaona furaha, kisha akachanganyikiwa upya, maana moyoni bado alikuwa amesimama kwenye geti la Uwanjani.

"Si nzuri kama Uwanjani," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeshaingia?"

"Hapana."

"Na Uwanjani umeshaingia?"

Mudrikah aliinama akafunga tempe. Alirudi nyumbani bila muhuri.

Sukadi alipoambiwa, aliacha kamba akakaa chini.

"Mkuu wa shule ile anaishi mtaa wa nyuma. Namvusha kila siku, yeye na pikipiki yake," alisema. "Nimemweleza habari za mvua. Nimemweleza habari za kambare. Goti langu analijua kuliko daktari. Habari za shule sijawahi kumuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mimi kazi yangu ni kumfikisha tu," Sukadi alisema, akacheka, lakini macho yake hayakucheka sana.

Kesho yake walivuka wote watatu. Mkuu wa shule, Bi Winarsih, aliwapokea kama ndugu, akaanza kwa kuuliza hali ya goti. Mudrikah alikuwa na maswali mengi, akauliza yote, hata yale aliyoona ni ya kijinga. Bi Winarsih alijibu kwamba vitabu ni vilevile vya Uwanjani. Walimu wanaajiriwa na serikali ileile, na cheti cha mwisho ni kilekile. Hakuficha kasoro. Mvua ikinyesha uwanja unakuwa tope, na maktaba ni chumba kimoja chenye rafu ambazo hazijajaa. Vikombe hawana, ila kimoja cha mpira wa wavu, nacho kilivunjika mkono.

Mudrikah aligeuka kumtafuta Niken. Alimkuta kwenye darasa tupu, mbele ya ubao. Kulikuwa na hesabu iliyoachwa katikati, na Niken alikuwa ameshika chaki akiimalizia. Mwalimu mmoja kijana alisimama mlangoni, akamtazama bila kumkataza. Niken alipomaliza, mwalimu alimwambia amekosea mstari mmoja, autafute mwenyewe. Niken aliutafuta, na hakutaka kuondoka mpaka aupate.

Hartini alipopata habari alipiga simu. "Shule ya kiwandani? Mnataka mtoto akajifunze kuchoma vigae?"

Mudrikah alikuwa bado na shaka, na sauti ya Hartini iliitikisa shaka hiyo kama chupa. Mwishowe alisema, "Wifi, fimbo ya mbali haiui nyoka," akakata simu kabla hajaogopa.

Uandikishaji ulipofunguliwa, ulifanyika kwa kompyuta. Mudrikah hakujua kompyuta, lakini Mama Sringatun alikuwa amemwambia kwamba kila shule ya serikali huweka meza ya msaada, na msaada huo ni bure. Akiombwa chochote na mtu yeyote, aondoke. Walikwenda na kadi ya familia, kadi ya msaada na cheti cha kuzaliwa. Sukadi alibeba pia cheti cha mbio za magunia, ikiwa tu. Kijana wa mezani aliweka alama kwenye ramani, nyumba hapa, shule pale. Mstari mwembamba ulitokea kwenye kioo, ukakatiza mto. Sukadi aliukaribia mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hiyo ni kamba yangu," alisema.

Siku za kusubiri zilikuwa ngumu. Majina yalipanda na kushuka, na kundi la simu lilichemka upya. Kila mtu alikuwa na uvumi mpya. Mudrikah alitaka kuusoma na alitaka kutousoma. Siku moja alikaanga tofu bila chumvi, na wateja wakamrudishia. Mchana wa matokeo Bi Winarsih alisimama ukingo wa pili, hata kabla ya kupanda kivuko, akainua kidole gumba juu. Sukadi alikuwa katikati ya mto na mbuzi wa watu. Alipiga kelele kuelekea nyumbani kwamba Niken amepata, na mbuzi wakaanza kulia wote pamoja. Jikoni, Mudrikah alikaa chini, naye akalia.

Wiki ile Hartini alikuja mwenyewe, akanunua tofu na kuilipia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Wale wapwa wawili walikuwa wamekataliwa. Majina yao hayakuwa yametimiza mwaka kwenye kadi yake, na kwao walikuwa wameshafutwa. Wazazi wao hawakumpigia tena simu, isipokuwa kumlaumu. Aliuliza taratibu ni nani aliyemwelekeza Mudrikah.

"Mjumbe," Mudrikah alisema. "Waambie wamwone mjumbe wa mtaa wao leo hii, warudishe majina ya watoto nyumbani. Kisha waende kwenye meza ya shule wenyewe, waulize kama kuna nafasi zilizobaki. Wasiulize kundi la simu. Na wasione haya, wifi. Hata mimi nilikuwa mlangoni kwa mjumbe nikiomba muhuri."

Hartini aliitikia kwa kichwa, akala tofu yake.

Jumatatu ya kwanza ya muhula, Niken aliamka kabla ya kuamshwa. Alivaa shati jeupe na sketi ya buluu, akambusu mama yake mkono kama ilivyo desturi, akapanda kivuko na walimu wake. Sukadi alivuta kamba taratibu kuliko siku zote. Bi Winarsih alimkumbusha kwamba kengele haimngoji mtu, lakini Sukadi hakuongeza mwendo.

Mudrikah alirudi jikoni. Mafuta yalikuwa yamepata moto. Wimbo ulipoanza ng'ambo, alitumbukiza tofu kama kawaida. Kisha akasogea mlangoni, akatega sikio. Sauti zilikuwa nyingi, na zote zilifanana. Alifumba macho akaitafuta moja. Wimbo ukaisha. Mwalimu akahutubia, akamaliza. Mudrikah alikuwa bado amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu shule ile ijengwe, tofu yote iliungua.